Mboga Isiyoguswa

Mimi nilitaka supu tu. Naliweka wazi hilo mapema, maana nyumbani kwangu wameanza kueneza habari kwamba baba siku hizi anapenda maua.

Ninayoilima kibarazani ni seleri ya majani, aina ya Chinese Pink. Msiifananishe na ile yenye mabua manene ya supamaketi. Hii mashina yake ni membamba, majani ni mengi, harufu ni kali, na kipande kidogo kinatosha sufuria nzima. Unakata mashina ya nje, unaacha moyo wa katikati, inachipua upya. Zipo za kijani na za manjano pia. Mimi nikachukua ya pinki, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kuiotesha Dar es Salaam ni ubishi na jua. Seleri ni mmea wa baridi, na ile ya mwitu huota penye majimaji. Watu wa Lushoto wanaipata huku wamevaa masweta. Sisi wa huku bondeni tunaifungia neti ya kivuli na kuibembeleza. Mbegu zenyewe ni vumbi: gramu moja ina zaidi ya 2,000, na hazifukiwi, kwa sababu zinataka mwanga ili ziote. Unazinyunyiza juu ya udongo, unazigandamiza kwa kiganja, kisha unasubiri wiki mbili, hata tatu, ukiwa na ndoo ya rangi iliyotobolewa chini na isiyoonyesha dalili yoyote ya akili. Kila mgeni aliuliza ule udongo ni wa nini. Shemeji hakuuliza, alizimia sigara yake mle.

Halafu maji! Udongo ukikauka siku moja tu, mashina yanakuwa magumu na majani machungu. Mtaani kwetu bomba linatoka kwa mgawo, kwa hiyo kuna asubuhi ambazo seleri ilikuwa imeshaoga na mimi bado.

Wakati wa joto ilikuwa ya kijani kilichopauka, pinki ikionekana kwa kubahatisha. Wala hakuna aliyeitazama. Kipupwe kilipoingia, rangi ikajitokeza, maana ubaridi huikoleza: mashina pinki kutoka chini hadi kwenye vijiti vya majani. Nikachukua kisu. Mke wangu akachukua simu.

"Usiiguse, imekaa vizuri."

Nikamweleza kwamba hii ni mboga, isipokatwa mashina ya nje yanazeeka na kujaa nyuzi. Akanijibu, "Kwani giligilani sokoni zimekwisha?" Kesho yake ndoo zangu zimehamishiwa mlango wa mbele, kwenye jua kali la mchana, ili wapita njia waone vizuri.

Nasikia hata Wagiriki wa kale walikuwa na tabia hii. Kwenye michezo ya Nemea, mshindi alivikwa taji la seleri ya mwitu. Mtu amepiga mbio, amepigana mieleka, njaa inamuuma, nanyi mnamvisha kiungo cha mchuzi kichwani! Angalau yule angeweza kuligeuza taji na kulitafuna akifika kwao. Mimi hata hilo sina.

Mtu pekee anayefaidi ni jirani wa juu, mama mmoja mwenye heshima zake, ambaye ameambiwa na wenzake kwamba seleri inashusha presha. Kila alfajiri akishuka ngazi anachuma vishina viwili, anasema "Shikamoo mboga," na kuondoka. Nimemsihi asiache vidonge vya kliniki, akaniitikia vizuri kabisa. Yake sijui inaendeleaje. Yangu inapanda kila nikisikia ndala zake.

Sasa kuna send-off ya mtoto wa dada wa mke wangu. Kamati imekaa, imechagua rangi, na rangi ni pinki. Mweka hazina alikuja na daftari, akapokea mchango wangu, akashukuru, kisha akaandika chini yake: "na ndoo mbili." Zitakaa meza kuu, kulia na kushoto kwa bibi harusi.

Nikauliza kuhusu chakula. Pilau, kuku, na kabla ya hapo supu ya ng'ombe. Nikachangamka. Nikauliza hiyo supu inatiwa nini, wakasema giligilani, tena imo kwenye bajeti.

Jana mpambaji alifika na futi yake. Amepima kiuno cha ndoo, akapima na urefu, kwa sababu zinashonewa sketi za satini. Gharama ya kitambaa, nimearifiwa, ni juu ya mwenye maua.