Ngoma ya Kanisa la Bondeni

Kwaya ya Bondeni ilikuwa ikiimba kwa kupiga kwato chini tu, hadi Jumapili ile Mheshimiwa Fisi alipofika na msafara wake na ngoma mpya. Mzee Kobe, mwenye masikio mazito, aliondolewa kwenye kiti cha mbele ili mgeni aketi. Mchungaji Beberu akakatiza somo ili mgeni awasalimu waumini, na salamu zikawa ndefu kuliko mahubiri: Fisi alimtukana Chui mpinzani wake, akaahidi mabati ya paa la kanisa, kisha akaamuru ngoma ipigwe.

Ililia vizuri. Vijana walicheza, kina mama wakapiga vigelegele. Mama Baka, ng'ombe mjane, hakucheza. Alisogea hadi madhabahuni, akainusa ngozi ya ngoma, akaliona doa jeupe alilokuwa akililamba kila asubuhi, mpaka usiku ule ndama wake alipopotea.

"Baba Mchungaji, huyu ni mwanangu."

"Mama, hayo yapeleke barazani kwa chifu. Hapa tunasali."

Wiki nzima wazee wa kanisa walibishana. Kunguru, mweka hazina, alisema ngoma imeshabarikiwa, na Fisi akiudhika mabati yatatoka wapi? Wengine walisema Mama Baka analivunja kanisa. Mimi nasema aliyelivunja ni aliyeua, pamoja na waliomketisha mbele.

Ndipo Mzee Kobe akauliza, "Mama huyu akija Jumapili, nani kati yenu ataipiga ngoma hii mbele yake?"

Hakuna aliyejibu. Wakaibambua ngozi, wakampa Mama Baka akaizike. Gogo la ngoma Beberu alilibeba mwenyewe hadi langoni kwa Fisi. Kwaya ikarudia kwato zake, na mvua ikaendelea kuwanyeshea ibadani.

Nchini Kenya ngoma hii huitwa harambee, yaani mchango wa hadhara. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, jijini humo, urudishwe, akitetea uhuru wa kanisa. Mzee wa kanisa unayesoma haya, bahasha ikifika Jumapili, uliza imetoka wapi kabla hamjaiombea. Na muumini akisimama kulalamika, mpe kipaza sauti.