Heko kwa Flashi Inayokataa Kutoka

Watu husifu Mlima Kenya, husifu chai ya Embu, husifu miraa ya Igembe, na viongozi wetu husifiana wao kwa wao kila Jumapili ya harambee. Sijasikia aliyesimama kuusifu ule ujumbe mfupi unaojitokeza kwenye kona ya kioo katika saiba zetu, kuanzia Makutano ya Meru hadi mjini Embu, ukikuarifu kwamba kifaa chako bado kinatumika, funga programu zote kisha ujaribu tena. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Leo ujumbe huo utapata haki yake.

Tuanze na cheo chake. Flashi za kwanza zilipoanza kuuzwa mwaka 2000 zilibeba megabaiti 8, na tangu wakati huo watu wanadhani kazi yote ni kuchomeka na kuchomoa. Sivyo. Ukiichomeka, kompyuta huichunguza kwanza: ni chombo gani, na mafaili yake yamepangwa kwa mtindo upi. Kisha huitengea mahali pa kupachikia. Kwenye Windows mahali hapo ni herufi. Kwenye Ubuntu ni folda iliyo chini ya /media, ndani ya jina la mtumiaji. Pasipo mahali hapo, flashi ni kipande cha plastiki chenye kikamba.

Herufi zenyewe zina adabu ya ajabu. A na B zilitengewa diski laini, zile ambazo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu wanazifahamu kama kijipicha cha kuhifadhi kazi, basi. Diski hizo zimekwenda zao zamani, lakini Windows ingali inaiita diski kuu ya ndani C, na viti viwili vya mbele vimebaki vitupu kwa heshima ya marehemu. Nitajie mwakilishi wa wadi aliyeangushwa kwenye kura akahifadhiwa kiti chake hata wiki moja.

Kuanzia D kwenda mbele, mambo huchangamka. Flashi ngeni hupewa herufi ya kwanza iliyo wazi, kwa hiyo yako inaweza kuwa E asubuhi na G alasiri, kwa sababu kuna mtu alikutangulia kuchomeka kadi ya simu na mwingine ya kamera. Katibu wa chama aliyeunganisha hesabu zake na faili iliyo ndani ya E hurudi jioni akafungua E akakuta picha za harusi ya watu wa Runyenjes. Wakorofi huliita hili tatizo. Mimi naliita ujirani mwema, maana bila herufi zinazohamahama angejuaje kwamba bibi harusi alivaa gauni la samawati?

Linux haipendi herufi, inapenda majina, na hapo ndipo raha inapozidi. Flashi nyingi zimebaki na jina la kiwandani, kwa hiyo ukichomeka mbili za kampuni moja, ya pili huongezewa 1 mwishoni mwa jina la folda. Wakati mwingine flashi ikichomolewa kwa ghafla folda yake hubaki pale pale, tupu, na ikirudi hupachikwa kwenye folda nyingine yenye ile 1. Sasa fikiria ofisi ya shule ambayo mtambo wake huhifadhi nakala kila usiku kwa mamlaka ya msimamizi. Mtambo hauna habari ya mabadiliko. Unaandika kwa bidii kwenye folda iliyoachwa, yaani ndani ya diski ile ile ya kompyuta iliyopaswa kulindwa, mpaka ijae. Asubuhi kila mtu ana nakala, na nakala zote ziko mahali pamoja na mali yenyewe. Umoja wa namna hii viongozi wetu wameuhubiri kwa miaka bila kufaulu.

Wapo mafundi wasiopenda mshangao. Hao hufungua faili la /etc/fstab, wakaandika kitambulisho cha diski kiitwacho UUID, ambacho hakibadiliki mpaka diski iumbizwe upya, wakataja folda yake ya kudumu, wakaongeza neno nofail ili kompyuta iwake hata diski isipokuwepo. Baada ya hapo kila diski hufika mahali pake siku zote. Maisha gani hayo?

Lakini sifa kubwa ni ya kukataa kutoka. Kompyuta ina ujanja mmoja wa upole: ukinakili mafaili, huyapokea kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikakuonyesha kuwa kazi imekwisha, kisha ikaendelea kuyaandika kwenye flashi taratibu. Mstari umefika mwisho, kazi haijafika. Ndiyo maana kila siku mazungumzo haya husikika:

“Kijana, nipe flashi yangu, gari la Chogoria linaondoka.”

“Mwalimu, ngoja kidogo, bado inaandika.”

“Si imesema imemaliza?”

“Imesema, lakini haijamaliza.”

Na tuzingatie ni wapi haya yanatokea. Hii ndiyo barabara ya pikapu za miraa kutoka Maua kwenda Nairobi, zinazokimbia kwa sababu jani hupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi. Hapa kila kitu kina haraka: dereva, mnunuzi, hata ng'ombe anayevuka lami pale Nkubu amejifunza kukimbia. Katikati ya mbio zote hizo kuna kimoja tu kinachothubutu kumwambia mtu mzima asubiri, nacho kina ukubwa wa kidole gumba. Pale Nchiru, kwenye barabara ya Maua, yapo makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke na kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wazee walijua tangu zamani kwamba kesi haitoki barazani kabla ya kusikizwa hadi mwisho. Vijana wa jirani wamelazimika kufundishwa jambo hilo na flashi.

Tazama pia uungwana wake. Kinachoizuia kutoka huwa ni faili lililoachwa wazi, au programu ya kukagua virusi, au dirisha la amri lililosimama ndani ya folda. Linux, ukiiuliza kwa amri ya lsof, humtaja mhusika kwa jina na nambari. Windows mara nyingi husema tu kwamba kuna programu inayoitumia flashi, ikanyamaza. Hakuna aliyeaibishwa.

Ajira nayo? Mwishoni mwa 2008 kirusi Conficker kilianza kuenea, na baadaye kikajifunza kusafiri kwa flashi kikitumia mazoea ya Windows ya kuendesha programu mara tu chombo kinapopachikwa. Vikafuata virusi vinavyoficha folda zako na kukuachia njia za mkato zenye majina yale yale. Mafundi walisomesha watoto kwa amri moja ya kuzifichua, attrib. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuyazima mazoea hayo kwa flashi kwenye Windows XP na Vista, na hakuna aliyewafidia mafundi.

Sitalisahau umbizo la FAT32, ambalo redio nyingi za matatu hulisoma na kukataa mengine. Halikubali faili moja kufika gigabaiti 4, hata flashi ya 32 ikiwa tupu kabisa. Abiria wamenusurika filamu nyingi kwa sheria hiyo.

Adui amekwishafika, hata hivyo. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, mpangilio wa kawaida ni kwamba flashi haicheleweshewi maandishi, na mtu anaweza kuichomoa bila kuomba ruhusa alimradi hakuna kinachoandikwa wakati huo. Linux bado huchelewesha, na kompyuta za Apple bado hukukaripia ukichomoa ghafla. Lakini mashine ya saiba haikuambii ni ya toleo gani wala nani aliibadilisha mipangilio jana. Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyebeba mradi wa mwaka mzima mfukoni, bofya kutoa, usubiri jibu, ndipo uchomoe. Matatu ya Chogoria haiondoki kabla ya kujaa.