Mteja Amevaa Viatu Gani?

Mjomba wangu hupanga bei kwa kutazama miguu. Mteja akiingia kwenye kibanda chake pale Mwenge, Dar es Salaam, mzee hainui kichwa. Anaendelea kupiga msasa, jicho liko sakafuni. Ndala za bafuni ni bei ya jirani. Viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi ni bei ya mfanyakazi mwenye mkopo benki. Buti zenye vumbi la Kilimanjaro zikitokea, mjomba husimama, hupangusa kiti, akaulizia hali ya baridi huko Ulaya. Na bei atakayoitaja hapo si bei bado, ni salamu. Itashuka, itapanda, itanyweshwa kahawa, na mwisho mteja ataondoka akiamini amempiga mzee, mzee naye amebaki akiamini kinyume chake.

Mtu huyu ndiye aliyeniamuru nivipeleke vinyago vyake mtandaoni. Nasema aliniamuru kwa sababu wapo watu Mwenge wanaodhani nilimshawishi. Sisi Wamakonde tunafuata ukoo wa mama, na kwetu mjomba ni serikali. Kijana wa kibanda cha jirani alikuwa ameuza kinyago Ujerumani kwa simu, akaja na pikipiki mpya. Jioni ile ile nikaitwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Una simu kubwa, na shule tulikupeleka. Hivi vitu vitoke."

Tulianza na picha. Mpingo una kiini cheusi, na mzee akishaupaka nta unang'aa. Mimi nikatandika khanga mpya ya mkazamjomba nyuma ya kinyago ili kionekane vizuri. Picha ikatoka khanga nzuri yenye tundu katikati. Nikapendekeza tusogee juani. Mjomba alinitazama kama nimetukana. Mpingo hukauka polepole sana, na ukiuharakisha unapasuka. Yeye kazi yake huikinga na jua mpaka ikomae. Basi tukawa tunapiga picha alfajiri, nje ya kibanda, walinzi wa usiku wakitupa ushauri.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mpango. Kinyago tulichokipiga ni cha mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, na simu yangu hutafuta nyuso. Vimraba vya njano vikaanza kurukaruka kutoka chini hadi juu. "Inahesabu watu?" mjomba akauliza kwa mashaka ya mtu anayekumbuka maofisa wa sensa. Kwa kinyago cha mtindo wa shetani hali ilikuwa mbaya zaidi. Simu imewekewa kitu cha kulainisha ngozi, nami sikujua kinazimwaje. Shetani mwenye jicho moja, meno nje, sikio limeota mgongoni, akatoka ametakata kama bibi harusi wa Jumamosi. Mjomba akakaa kimya, kisha akasema kwamba huyo sasa anaweza hata kuolewa.

Ujumbe wa kwanza ulitoka Mbezi, siku hiyo hiyo: *Hicho kitambaa cha nyuma ni bei gani?* Wa pili ulikuwa huo huo. Mkazamjomba, ambaye hadi hapo alikuwa akilalamikia khanga yake kuchafuliwa, aliuza doti nzima, hela ikaingia kwenye simu kabla mumewe hajauza hata kidole cha kinyago. Alirudi na doti nyingine, akaniomba niitandike.

Nilipofungua ukurasa wetu kwenye soko moja la nje, ikaja fomu. Nadhani aliyeitunga alikuwa anauza soksi. Rangi? Saizi, ndogo, ya kati, kubwa? Idadi iliyopo?

"Kimoja," mjomba akasema.

Nikajaza. Papo hapo kikatokea kibandiko chekundu: bidhaa hii inakaribia kwisha. Nikamsomea. "Inakaribia?" akasema. "Ilikwisha nilipoweka patasi chini."

Muda wa kutengeneza? Fomu ilitupa nafasi ya kuchagua kuanzia siku moja hadi wiki mbili. Mjomba akaanza kuhesabu tangu mti. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kukatwa, kwa hiyo kwa maoni yake jibu sahihi ni miaka 70 na wiki tatu, hizo tatu zikiwa zake. Nikabonyeza wiki mbili. Sikumwambia.

Kisha tukafika kwenye bei.

"Mteja amevaa viatu gani?"

"Hatumwoni, mjomba."

"Basi andika maelewano."

Fomu ilitaka tarakimu tu. Mzee akatoka nje, akazunguka kibanda, akarudi na bei ya kushukia, yaani ile ya salamu, kubwa kiasi kwamba hata yeye aliitaja kwa sauti ndogo. Nikaiandika. Tukasubiri mtu aje kubishana.

Kabla hajaja, tulipoteza shetani. Soko lilimwondoa usiku kwa maelezo kwamba picha ina maudhui yasiyofaa, na ni kweli shetani hakuwa amevaa kitu. "Kinyago ulichokichonga hakikutishi," mjomba akasema, "lakini hawa hawakukichonga, tuwasamehe." Hasira ilimjia baadaye. Akanikumbusha Samaki Likankoa, mchongaji anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa akizinunua kazi zake. Kwa mjomba, ushahidi umekamilika: Peera naye alikuwa mtu wa kati, kama hilo soko, ila yeye alikuwa na duka lenye mlango, na hakumtaka shetani avae suruali. Kuna wakati nadhani mzee ana hoja. Dalali wa zamani angalau ungeweza kumsalimia.

Mteja alikuja Jumanne. Alikuwa Kanada, akataka ile nguzo ya ujamaa, na akalipa bei yote ya salamu bila neno. Nilidhani mjomba atashangilia. Akanyong'onyea. "Hakuuliza chochote? Hakusema ni ghali? Huyu mtu ni mzima?" Mkazamjomba aliniambia usiku ule mzee hakulala, alikuwa akigeuka geuka akitaja bei kubwa zaidi.

Asubuhi akakumbuka jambo dogo: nguzo yenyewe alikuwa ameiuza kibandani Jumatatu. Viatu vilikuwa vizuri.

Nikamwandikia mteja kwamba ile ya kwenye picha imeondoka, ila mzee atachonga nyingine. Akajibu kwa upole kwamba sawa, mradi ifanane. Mjomba alilipokea neno hilo, "ifanane", kama mpishi aliyeambiwa apike samaki yule yule wa jana. Gogo lilikuwa jingine, akasema, na gogo ndilo linaloamua watu wakae vipi.

Kuituma ni habari ndefu, nitaifupisha. Mpingo ni mzito hata majini unazama, na kwenye mizani ya vifurushi uzito huo huwa pesa. Nauli ilikaribia kumeza faida. Tena tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo karani wa vifurushi alikuwa na maswali, na mjomba alikuwa na majibu, na watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walichoka.

Nguzo ikafika salama. Tulipewa nyota tatu kati ya tano, na maelezo: kazi ni nzuri sana, lakini kwenye picha niliona watu saba na mimi nimepokea tisa.

Nilimsomea mjomba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alidhani namtania.

"Nimemwongezea watu wawili bure, ananinyima nyota mbili?"

"Anasema alitaka ifanane, mjomba."

Akaendelea kupiga msasa kitambo. Kisha akaniambia nimjibu kwamba hao wawili ni wajomba, maana ukoo wa watu saba usio na mjomba hata mmoja ungeanguka njiani. Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma. Jibu lilikuja usiku: mteja alitaka kujua ni wepi kati ya hao tisa.

"Wa chini kabisa," mjomba akasema. "Waliobanwa."