Safisha Kapeti, Luku Usiguse

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawana choyo. Ingia nyumba yoyote Omurushaka au Nkwenda, utawekewa kahawa ya kutafuna kabla hujaeleza kilichokuleta, na wakati wa kuondoka utakuta mkungu wa ndizi umeshapakiwa kwenye buti. Ila thubutu kuomba soketi.

Mimi nasafisha makapeti na masofa majumbani. Mashine yangu inanyunyiza maji ya sabuni na kuyafyonza palepale, na inasafiri kwenye Noah pamoja na mipira yake na madumu ya maji. Kazi ipo, maana vumbi letu jekundu halichagui kapeti la mwalimu wala la mnunuzi wa kahawa. Tangi lina kifuniko cha kioo, na mwenye nyumba akiona tope linavyopanda humo ndani huwageukia watoto kwa jicho la kesi. Utomvu wa ndizi sitaki hata kuuzungumzia. Huo umeshaolewa na kapeti, haurudi kwao.

Lakini hatufiki huko kabla ya swali: “Hiyo mashine inakula umeme?”

Natamani ningejibu inakula ndizi. Inakula umeme, waitu, wati 1,500. Saa nzima ni yuniti moja na nusu. Kwa anayenunua yuniti kwa shilingi 122 hiyo haifiki 200, na hata kwa anayenunua kwa 356 haifiki 600. Ni hela ya soda! Tatizo ni kwamba kila mama mwenye nyumba anayo kichwani ile hesabu ya yuniti 75 kwa 9,150, na anajua akivuka hapo kila mwezi atahamishiwa kule ambako elfu kumi inaleta yuniti 28. “Mwanangu,” ananiambia kwa upole, “utanitoa kwenye umeme wa mia.” Friji linagunguruma nyuma yake, televisheni inaongea peke yake, ila mwizi wa yuniti ni mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba umeme umetuzunguka. Pale Murongo, kwenye Mto Kagera, kuna mitambo ya megawati 14 tunayoshirikiana na Waganda. Rusumo, kule Ngara, kuna megawati 80 zinazogawanywa kati yetu, Rwanda na Burundi. Na kwa miaka mingi taa za Kagera zimewaka kwa umeme uliotoka Uganda, ukapita Masaka hadi kituo cha Kyaka. Mataifa yameweza kuvusha umeme mpakani. Mimi nashindwa kuuvusha kutoka jikoni hadi sebuleni.

Basi washauri hawakosekani. Wanakaa kijiweni Kayanga na boda zao, na wote wana jibu moja: “Si ufunge inveta kwenye gari? Betri unayo, injini unayo.” Ndugu zangu, wati 1,500 kwenye soketi ya ukutani ni ampea sita na kidogo. Kwenye betri ya volti 12, wati hizohizo ni ampea 125, bado hujahesabu zinazopotelea ndani ya inveta. Waya wa kubeba mzigo huo unakuwa mnene kama kidole gumba, na ukifunga mwembamba unaanza kunuka kabla hujamaliza kona ya kwanza. Betri ya N70, ukitaka idumu, unaitumia nusu tu, na nusu hiyo haifikishi robo saa. Altaneta nayo, gari likiwa sailensa, haitoi hata karibu na kinachotakiwa. Ningesafisha kapeti lote vizuri sana, halafu nisukumwe na watoto wa mtaa mpaka barabarani.

Wenzetu Marekani wameruka kikwazo hiki: mashine inazungushwa na injini yenyewe ya gari na maji yanapashwa kwa joto lake, hakuna cha inveta wala Luku. Ila mtambo huo bei yake ni maelfu ya dola, na mteja wangu bado anataka nimpunguzie elfu mbili.

Nimebaki na jenereta. Wameniuzia ya kilovoti-ampea tatu, lakini milima yetu inapita mita 1,500 na hewa yake nyepesi inaipunguzia jenereta nguvu. Kelele tu ndizo hazipungui. Huku vijijini jenereta ikilia watu wanajua kuna harusi, kwa hiyo kabla sijalowesha kapeti majirani wameshafika kuuliza nani anaoa.

Juzi Nkwenda umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikawasha. Zikaja simu za kuchaji, nikanyamaza. Akaja kinyozi na mashine yake na mteja wake, nikanyamaza pia, maana mashine ya kunyolea haili kitu. Kumbe chumba cha nyuma kuna binti kachomeka pasi ananyoosha sare za shule. Jenereta ikakohoa, ikazima. Kapeti limejaa povu, mteja wa kinyozi kanyolewa upande mmoja, na mama mwenye nyumba anatoka jikoni ananiangalia mimi.

“Waitu fundi, umetukatia umeme?”