Ramani Tisa za Mwendesha Baiskeli wa Nyeri, Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Kilomita kumi za Mwea na kilomita kumi za Othaya hazijawahi kusalimiana. Mwea ni tambarare ya mpunga, unakanyaga pedali huku ukiimba. Othaya ni migongo na mabonde, na wimbo hukatika kwenye kona ya kwanza. Ramani nyingi huzichora zote mbili kwa mstari uleule, unene uleule, kisha zikakutakia safari njema.

Ndiyo sababu ya orodha hii. Hapa njia za kubeba na kusoma ramani ukiwa juu ya baiskeli zimepangwa kuanzia ya mkia hadi bingwa, kwa ajili ya yeyote anayezunguka Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki, Meru, Chuka na Embu. Masharti ya mashindano: ramani isomeke kwa kutupiwa jicho mara moja, istahimili mvua ya alasiri, na iseme ukweli kuhusu mwinuko. Ukiona kipenzi chako kimedhulumiwa, piga kelele. Kiganjo nzima isikie.

9. Sauti ya sikioni

Simu iko mfukoni, na mama wa ndani ya simu anakuamuru ugeuke kushoto baada ya mita mia mbili. Msikilize anavyotamka Mukurwe-ini: unaweza kuingia Mukurwe-ini, ukanywa chai na kuondoka, yeye bado hajalimaliza jina. Hilo tunamsamehe. Lisilosameheka ni kwamba anakuziba sikio, na sikio ndilo linalokupa habari ya lori linalokuja nyuma yako. Kwenye barabara kuu kati ya Sagana na Marua, habari hiyo ina thamani kuliko kona zote za kushoto duniani.

Hukumu: toa hicho kitu sikioni kabla hujafika namba nane.

8. Karatasi iliyokunjwa mfukoni

Inalowa jasho kwa ndani na mvua kwa nje. Ukitaka kuisoma lazima usimame, uikunjue, na upepo wa Kieni uanze kuisoma kabla yako. Halafu kuna sheria ya mikunjo ambayo haijawahi kuvunjwa: tundu la kwanza kutoboka litakuwa juu ya kile kijiji unachokwenda.

Hukumu: nzuri kwa kuwashia jiko ukifika.

7. Biro mkononi

Umeandika majina manne kwenye mkono wa kushoto: Nyeri, Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki. Hongera, haihitaji chaji, haipotei, na unaisoma bila kuachia usukani. Nimeipandisha juu ya karatasi ya mfukoni kwa sababu hizo, na najua kuna mtu ameshaanza kukunja uso. Tatizo lake ni kwamba mwinuko wa kwanza unaleta jasho, jasho linaleta bluu, na ukifika Naro Moru mkono umebaki na herufi mbili na doa. Mwenye mikono mirefu ana haki ya kukata rufaa.

6. Lebo ya kopo la nyama

Usicheke. Januari 1943, Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi namba 354 ya Nanyuki, alitoroka na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakuwa wanakimbilia kwao. Walitaka kupanda Mlima Kenya. Kimojawapo cha vielelezo vyao kilikuwa picha ya mlima iliyochapishwa kwenye lebo ya kopo la chakula. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakashuka na kurudi kambini kujisalimisha kwa miguu yao wenyewe.

Ilikuwa safari ya miguu, naam, hakukuwa na baiskeli hata moja. Lakini ile lebo inazipita ramani nyingi za leo kwa jambo moja: ilionyesha mlima kwa ubavu. Ukiitazama unajua wapi utapumua na wapi utahema. Ramani inayotazama dunia kutoka juu huficha jambo hilo, na pumzi ndiyo sarafu ya mwendesha baiskeli.

Hukumu: nafasi ya sita na heshima zote. Wakitokea wengine wa kupanda mlima kwa lebo ya kopo, tutawapandisha hadi ya tatu.

5. Mlima wenyewe

Bure, hauishi chaji, na una urefu wa mita 5,199 pale Batian. Hakuna skrini kubwa kuliko hiyo.

Matumizi yake ni rahisi. Ukiwa Nyeri mjini, mlima uko kaskazini-mashariki, na safu ya Nyandarua iko magharibi. Ukiwa Nanyuki, umehamia kusini-mashariki. Ukiwa Chuka, uko kaskazini-magharibi. Ukiwa Embu, uko kaskazini. Na zawadi kubwa ni hii: ukianza Nyeri ukapita Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Karatina hadi kurudi Nyeri, mlima unabaki mkono wa kulia mwanzo hadi mwisho. Ukiuona kushoto, umegeuka. Kuna ramani ngapi za maelekezo mafupi hivyo?

Mbona basi ni wa tano? Kwa sababu unafunga ofisi mapema. Alfajiri unauona wote, mpaka barafu iliyobaki. Kabla jua halijafika utosini, mawingu yameshaufunika, na wewe uko njia panda katikati ya mashamba ya chai ya Tetu ukitafuta kaskazini kwenye ukungu.

Hukumu: dira bora Afrika Mashariki, kwa wanaoamka mapema. Nyie wa saa nne asubuhi, endeleeni kushuka orodha.

Nje ya mashindano: alama za njiani

Mishale ya chaki, unga uliomwagwa njiani, mawe yaliyopangwa. Siwezi kuzipa namba kwa sababu huzibebi, umezikuta. Ila ukipita Nyeri, simama kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro. Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati. Katika alama za skauti, maana yake ni kwamba nimekwenda nyumbani. Mtu aliyefundisha vijana kusoma ardhi aliacha maelekezo ya mwisho kwa duara na nukta, na mpaka leo anayezijua alama hizo huyasoma. Ulinganishe na ujumbe wa sauti wa dakika tano aliokutumia rafiki yako kukueleza kwake ni wapi.

4. Simu kwenye usukani

Najua. Ulitaka iwe ya kwanza. Kaa chini kidogo tuongee.

Sifa zake ni za kweli. Simu hujua mahali ulipo kwa setilaiti, haihitaji bando, mradi umepakua ramani kabla ya kutoka nyumbani. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, ina vijia vya miguu ambavyo huwezi kuvipata kwenye karatasi yoyote, pale ambapo kuna mtu aliyejali akavichora. Baadhi ya programu hata hukuonyesha mchoro wa mwinuko wa njia nzima.

Sasa upande wa pili. Jua la mchana linaifuta skrini. Mvua ikianza, matone yanabonyeza kabla ya kidole chako, na ghafla unaelekezwa Mombasa. Barabara ya changarawe inaitikisa hadi kibanio kinalegea. Na simu ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa: inapenda njia fupi. Kwenye miteremko ya Nyeri, njia fupi karibu kila mara ndiyo inayokata mabonde, kwa hiyo inakupunguzia kilomita mbili na kukuongezea mabonde matatu. Wenye kompyuta ndogo za baiskeli, zile za vitufe, nanyi mumo humu humu. Vitufe vyenu havisumbuliwi na mvua, hivyo mnakaa kiti cha mbele, lakini basi ni lile lile.

Hukumu: mtumishi mzuri. Ila usimpe usukani eti kwa sababu anakaa juu yake.

3. Karatasi kubwa ya Survey of Kenya

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya: sentimita mbili ni kilomita moja, na kila karatasi inafunika dakika 15 kwa dakika 15, yaani mraba wa karibu kilomita 28. Zina mistari ya kontua, na mistari hiyo ndiyo inayokufunulia siri ya nchi hii. Tandaza karatasi ya Nyeri mezani utaona mito ikishuka kutoka mlimani na kutoka Nyandarua, na migongo ya ardhi kati yake imenyooka kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Barabara inayofuata kidole ni rafiki yako: unapanda polepole au unashuka polepole. Barabara inayokata vidole inakudai ushuke hadi mtoni, uvuke, upande, na upumzike sekunde kumi kabla ya kurudia yote. Ukishaliona hili mara moja, hutapanga tena safari kwa kuhesabu kilomita peke yake.

Kuibeba ni kazi. Iweke ndani ya folda ya plastiki ya shule, ile inayoonekana ndani, uikaze juu ya usukani kwa vibanio vya nguo. Usithubutu kuifunika kwa mfuko wa plastiki wa kubebea: ulipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini inaweza kufika shilingi milioni nne. Kwa fedha hizo unanunua baiskeli kwa kijiji kizima.

Inapungukiwa na nini? Karatasi moja haikutoshi siku nzima, na barabara zimehama tangu nyingi zilipochapishwa. Ile ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, imepanuliwa hadi wazee wa Karatina wanaitazama mara mbili kabla ya kuvuka. Lakini bonde la mto halijahama, na bonde ndilo linalokutesa.

Hukumu: ibaki mezani usiku, isomwe na chai. Njiani inataka mikono mitatu.

2. Mwenyeji

“Shosho, hii ndiyo njia ya Othaya?”

“Ndiyo hii, mjukuu wangu. Shuka, vuka maji, upande. Ni hapo tu.”

Shosho hajakudanganya. Ametaja mteremko, mto na mwinuko kwa mpangilio sahihi, kitu ambacho simu ya bei mbaya imeshindwa. Neno la kuwa nalo macho ni “hapo tu”, kwa sababu hapo pa mtu aliyezoea kubeba mzigo wa majani ya chai mgongoni si hapo pako.

Kuna ustadi wa kuchagua wa kumuuliza. Usimuulize mwenye injini kuhusu mwinuko. Kijana wa bodaboda kwenye steji atakuambia barabara ni sawa kabisa, na kwake ni sawa kabisa. Muulize anayesukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa. Huyo anaujua mlima kwa mapaja, atakuambia ushukie wapi na uanzie wapi kusukuma, na akikuonea huruma atakuonyesha njia ya mgongoni isiyoandikwa popote.

Amekosa taji kwa jambo moja: hayuko kila mahali. Kuna vipande vya Kieni ambapo utauliza mbuzi. Na huwezi kumfunga Shosho kwenye keria.

1. Kijikaratasi cha mito

Bingwa ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa tiketi ya basi, kimeandikwa kwa mkono wako jana usiku kutoka ramani kubwa, kikapakwa selotepu pande zote mbili na kufungwa kwenye shingo ya usukani kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu. Juu yake hakuna mchoro. Kuna mito.

Kutoka Nyeri kwenda Othaya: Chania, shuka, panda. Gura, shuka sana, panda sana. Othaya, chai. Kutoka Naro Moru kwenda Nanyuki: daraja la Naro Moru, daraja la Burguret, kibao cha ikweta, mji. Katika nchi hii kila daraja ni sakafu ya bonde, kwa hiyo orodha ya madaraja ndiyo orodha ya mateso yako, kwa mpangilio, na mengi ya madaraja makubwa yana jina la mto kwenye kibao. Kila jina ukilipita, unajua ulipo bila kusimama na bila kuuliza. Wasomaji-njia wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, wanaishi kwa wazo hili hili: usimwonyeshe dereva dunia nzima, msomee kinachofuata.

Na kuna mahali ambapo kijikaratasi hiki kinaweza kuokoa maisha. Ukitoka Chuka kuelekea Meru unashukia daraja la Nithi, mteremko mrefu wenye kona, ambako watu wengi wamekufa. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hapo hutaki kuwa unakodolea skrini. Andika NITHI kwa herufi kubwa, na BREKI mbele yake, uisome ukiwa bado juu.

Vijana wa jiomatiki wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mko hapo hapo Nyeri na vifaa mnavyo: ongezeni jina la kila mto na kila daraja dogo kwenye ramani huria, ili sisi wengine tupate cha kunakili.

Nawe unayeshikilia kuwa simu ndiyo bingwa, ichaji, uifunge vizuri, ushuke nayo hadi Gura na upande hadi Othaya mvua ikinyesha. Ukifika, niandikie. Kama itakuwa bado inawaka.