Kigoma ya Mistari Saba

Ukitaka kumwona mpenzi wa Kigoma aliyeiva, usihangaike Ujiji wala Kibirizi. Nenda Ujerumani. Huko kuna watu wazima, wenye kazi na mikopo ya nyumba, wanaokutana vilabuni kuwajadili samaki wa Ziwa Tanganyika. Nje theluji inaanguka; ndani samaki kapashiwa maji hadi nyuzi 26, na mwenyewe anampimia maji hayo kila wiki kama nesi wa kliniki ya wajawazito.

Mmoja wa vipenzi vyao ni Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu usoni kama bosi aliyenuna. Wa pande nyingine za ziwa ana mistari sita, wa kwetu saba, na wao humwita “Kigoma” tu, basi. Mwenye Kigoma akikutana na mwenye Kigoma wameshakuwa ndugu: wanapeana vifaranga vya samaki, wanajuliana hali, wanazikana.

Sisi wenye ziwa, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 na aina zaidi ya 200 za ukoo wa samaki huyo, nyingi zisizopatikana kwingine duniani, tuna swali moja: analiwa? Kuhe ni wa ukoo huohuo, naye tunamjua vizuri, hasa akiwa na ugali.

Juzi mgeni mmoja kaniuliza, kwa heshima zote, mimi ni Kigoma ya mistari mingapi.

“Mimi wa dagaa,” nikamjibu.