Mniache na Uso Wangu

Kwetu Mitwero, Lindi, mtu huwezi kuchoka kimyakimya. Ukishuka tu kwenye basi la Dar, kilomita 450 na ushee bado zinakuuma kiunoni, wa kwanza kukupokea ni kijana wa bodaboda: "Shikamoo babu." Babu! Juzijuzi hapa nilikuwa "bro", na katikati sikupitishwa hata kwenye "mzee". Kabla hujamwitikia, shemeji wa kwenye genge la nyanya kashadakia: "Mh, shem, mbona umechakaa hivyo? Dar wanakula watu?"

Halafu kila mmoja ni daktari. Huyu kapime malaria, yule kapime sukari. Mama mkwe, ambaye kwa heshima simjibu, ananikagua shingo kama mbuzi wa akika, kisha anauliza taratibu, mbele ya binti yake: "Baba, kwani unakula?" Usiku huo nyumbani hapaongeleki.

Mwezi Mei 2024 angalau tulikuwa na udhuru. Mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar kule Somanga; Lindi na Mtwara zikabaki upande wake, na aliyefika alipewa pole kabla ya kuangaliwa uso. Siku hizi barabara inapitika, basi ukichoka ni uzembe wako.

Aliyenimaliza ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, Kiingereza kimemkolea: "Anko, leo uko haggard." Haggard ninayemfahamu mimi ni Rider, mtunzi wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1885 na kutiwa Kiswahili mwaka 1929. Kaka yake alikuwa makamu wa konseli wa Uingereza pale Lamu miaka hiyohiyo ya 1880. Watu wa maana, nikaanza kuvimba kichwa. Kijana akafafanua: uso uliosawajika.

Kamusi ilinituliza kidogo. Waingereza walilitwaa neno hilo kwa Wafaransa karne ya 16, na lilikuwa la ndege: kozi wa kuwindia aliyenaswa porini akiwa mkubwa, si kinda aliyetolewa kiotani. Shakespeare alilitumia kwenye Othello. Kozi wa namna hiyo ni mkaidi, ana macho ya kishari, hafugiki hivihivi. Dawa yake ilikuwa kumkesha: mwenyewe anavaa glavu ya ngozi, anambeba mkononi usiku kucha, ndege akisinzia anashtuliwa, mpaka achoke, asalimu amri. Sasa naomba kuuliza, huyo mbebaji alilala saa ngapi? Kulipopambazuka palikuwa na nyuso mbili zilizosawajika, lakini jina kabandikwa ndege peke yake. Na huku kwetu nako hana mtetezi: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Eti kajitakia! Mama mkwe asiisikie hiyo.

Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia asinipake matope: mimi si mchovu, ni kozi wa porini, nimenaswa ukubwani na basi la usiku, na konda ndiye aliyenikesha kwa singeli tangu Mbagala. Akacheka mpaka akakaa chini. Jirani wa uani alisikia maneno mawili matatu tu. Jioni nilipopita kwenda kuoga, nilimkuta anawafunika vifaranga wake kwa tenga.